Uliutazama Mguu wa Mama Auma

Mjukuu wangu Wangari,

Wewe ni mtoto wa aina gani? Kutoka kwako Kilimani hadi hapa Kangemi hata ugali haujaiva umefika, na tangu Pasaka sijauona uso wako. Halafu juzi unakuja, unapita mlango wangu, unaingia kwa jirani!

Mama Auma ametangazia ploti nzima. Ati ulikaa naye asubuhi yote ukimuuliza kuhusu dawa zake za sukari, kwa huo utafiti wa ofisini kwenu. Ati ukamwambia, "Pole sana, mama." Mama! Akavua kiatu, nawe ukainama ukautazama mguu wake. Ndiye anayeniandikia haya kwa simu yake, maana mimi kalamu sikufundishwa, na anacheka. Acha acheke.

Nilipokupigia ukasema, "Shosho, kazini haturuhusiwi kuhoji watu wa familia." Kumbe kosa langu ni kumzaa mamako? Ulipougua ukambi nilikubeba mgongoni mpaka kliniki, ukanitapikia shingoni, na hakuna aliyeuliza kama sisi ni familia. Pale Kenyatta Market nikisuka watu nywele, ulikuwa unalala miguuni mwangu. Mteja akikusogeza, unapiga kelele: "Hapa ni kwa shosho wangu!" Ulikuwa na wivu kuliko mimi leo.

Sasa sikia, kwa sababu hukuniuliza, na sukari hata mimi ninayo. Huo utaratibu mpya mnaoupima, wa kupewa dawa za miezi mitatu mara moja, ni mzuri. Foleni imeisha, nauli imepungua. Mama Auma alikwambia hivyo na hakudanganya. Lakini zamani tukienda kila mwezi, nesi alikuwa anatuvua viatu, anapapasa vidole kimoja kimoja. Siku hizi mkono unatoka dirishani na dawa, unarudi ndani. Ukiandika huko ofisini kwamba Kangemi tuko sawa, andika na hilo.

Kidole changu cha mwisho, mguu wa kushoto, kina kidonda. Hakiumi, ndiyo maana sikujua mpaka soksi ikagandia. Mama Auma ameacha kucheka. Anasema kesho asubuhi ni kliniki, na nitaenda naye, usinipigie kelele. Lakini sikutaka yeye awe wa kwanza kujua. Nilikuwa nakungoja wewe.

Ukija Jumamosi, usinibebee mkate wala maziwa. Kaa chini hapa, univue soksi.

Ni mimi, shosho wako wa damu