Chumvi Iko Mkobani Mwako

Mama Nekesa,

Imeshuka!

Nimeanza na hilo kwa sababu najua tabia yako. Barua ukipewa, unaruka salamu zote unatafuta habari, halafu unarudi kwenye salamu ukiwa umetulia. Basi habari ndiyo hiyo: presha yangu imeshuka. Nesi wa dispensari amepima mkono wa kushoto, akakunja uso. Akapima wa kulia. Akakigonga kile chombo chake kwa kidole kama fundi wa redio, kisha akaniuliza, "Mzee, siku hizi unakula nini?" Nikamjibu, "Ninakula maneno ya marehemu." Hakuelewa. Wewe utaelewa.

Nimerudi kwa miguu, nusura nikimbie. Wale vijana wanaoegemea ukuta wa duka wakanipigia kelele, "Sasa mzee! Nani anakufukuza?" Nikawaambia, "Leo ni mimi ninayefukuza!" Nimefika, hata koti sijavua, nimeketi kwenye meza yetu nakuandikia. Nekesa hajatoka kazini bado. Kwa hiyo wewe ndiwe wa kwanza kujua, kama ilivyokuwa siku zote, ukiacha yale mambo yangu mengi uliyokuwa ukiyajua kabla yangu.

Unakumbuka ulivyoniambia kule wodini, kifua kimekubana mpaka maneno yanatoka moja moja? Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa, ya mtoto wetu na ya Mungu. Ukanishika kidole, ukasema, "Baba Nekesa. Usinifuate mbio." Nikaitikia tu, "Sawa, mama," kama mtu anayetumwa dukani. Sasa acha nikueleze jinsi nilivyokaribia kukufuata, tena kwa mbio za mtu aliyeshiba.

Mambo yalianzia matangani. Nimelichunguza jambo hili kwa makini, na matokeo yangu ni haya: mwanamke akifiwa, watu humletea ushauri. Mwanamume akifiwa, humletea chakula. Mtaa wote wa Umoja ulinihurumia kwa sufuria. Mama Wanjiru wa nyumba ya pili alileta chapati zinazong'aa mafuta, ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu. Akina mama wa kanisa wakaleta nyama ya kukaanga na wali, na soda kreti nzima. Mboga hakuna aliyeleta. Mboga haipelekwi matangani. Ukimpelekea mtu mboga atadhani unamsema.

Nikala. Wakiondoka nakula tena. Nyumba ilikuwa kimya mno, Mama Nekesa, na kutafuna angalau kuna sauti. Na kila sahani iliyofika mbele yangu niliinyunyizia chumvi kabla ya kuonja, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Onja kwanza! Wewe hutia chumvi kwa imani."

Nikanona. Shati nililovaa siku ya kukuzika likakataa kufungwa vifungo. Na unawajua watu wetu, badala ya kunionea wasiwasi wakanipongeza. Kariuki, yule ninayesimama naye kwenye mashine ya kukata magodoro, alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe akasema, "Aisee, Baba Nekesa, msiba umekukubali!" Msimamizi naye akaanza kunisalimia kwa mikono miwili. Mtu akikonda huulizwa mkewe anampikia nini. Mimi nilinona bila mke, wakaniona nina akili.

Halafu siku moja, katikati ya kazi, magodoro yakaanza kunizunguka. Nikaanguka. Uzuri wa kazi yetu ni kwamba mtu hakosi pa kuangukia.

Dispensari nikakutana na nesi huyuhuyu, binti mdogo mwenye miwani. Akanifunga mkono, akajaza upepo, akasikiliza, akasema, "Mzee, ya juu ni hii, ya chini ni hii," akaandika. Mengine aliyosema sikuyasikia, maana nilikuwa nimeshaingia kwenye hesabu zangu. Wewe unajua, na estate nzima inajua, kwamba presha ya juu ni ugonjwa na presha ya chini ni ugonjwa mwingine. Ya juu humwangusha mtu kwa hasira, ya chini humwangusha kwa udhaifu. Sasa mimi nimeambiwa ninazo zote mbili! Nikafikiri: moja inavuta huku, nyingine inavuta kule, zikikutana katikati mimi niko sawa. Vidonge nikaviweka dirishani, vikakaa pale vikitazama barabara.

Lakini kwa kuwa mimi si mtu wa kupuuza afya, nikaona nitibu pande zote. Asubuhi natafuna kitunguu saumu kwa ajili ya ile ya juu. Jioni nakunywa maji ya chumvi kwa ajili ya ile ya chini, kama alivyoshauri mtu mmoja kwa kinyozi. Usicheke. Najua unacheka. Kariuki, ambaye zamani alikuwa turnboi, msaidizi wa dereva wa lori, alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini kikombe chake cha chai, akasema, "Ndugu yangu, wewe unakanyaga mafuta na breki pamoja. Gari la hivyo haliendi wala halisimami. Linaungua."

Nekesa alipojua, alinivuta kwa nesi kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Yule binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nadhani alikuwa akiomba subira. Akasema, "Baba, hizo si presha mbili. Ni moja, yenye namba mbili. Mlango una bawaba ya juu na bawaba ya chini, lakini mlango ni mmoja." Nikamwuliza, kwa heshima kabisa, kama basi ile ya chini yangu si ya chini. Akaniangalia. "Mzee, hata hiyo ya chini yako iko juu."

Ningecheka, lakini niliuona uso wa mtoto wako. Tulitembea kutoka dispensari hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni, ufunguo ukiwa mkononi, akasema bila kugeuka, "Baba, mimi sina mwingine." Basi. Akafungua, akaingia kuchemsha chai. Wewe uliniambia nisikufuate mbio na nikakuitikia kama agizo la dukani. Lakini huyu, Mama Nekesa, huyu alikuwa amenipa mgongo, na huo mgongo ulikuwa wako kabisa.

Jioni ile vidonge vilishuka dirishani. Navinywa kila siku mpaka leo, nisikudanganye kwamba ni mboga peke yake.

Kesho yake chumvi ikapotea.

Nilitafuta kila mahali. Kwenye mkebe wa majani ya chai, chini ya unga, nyuma ya redio, ndani ya viatu vyangu vya kanisa. Nekesa anapika na chumvi yake kidogo, anaitoa sijui wapi, anairudisha sijui wapi, na uso wake mtakatifu kama wa shemasi. Ugali bila chumvi kwenye mchuzi! Nililala na hasira za mtoto aliyeachishwa ziwa. Kila mlo nilinuna, naye akanitilia limau na dhania, akasema, "Onja kwanza." Kwa sauti yako. Sijui alianza lini kuwa na sauti yako.

Mwishowe nikaipata, Jumamosi moja akiwa ametoka. Iko kwenye mkoba wako. Ule mweusi, unaoning'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu, mahali ulipouacha siku tulipokupeleka hospitali. Sikuwa nimeugusa. Nilikuwa napita pembeni yake kila asubuhi kama mtu anayempisha mkwe. Nekesa alijua. Katika nyumba nzima alichagua mahali pamoja ambapo mkono wangu hauwezi kufika.

Nikaufungua. Leso yako. Pini. Peremende moja imejishikilia kwenye kitambaa cha ndani. Na ile harufu ya mafuta yako ya kujipaka… na chumvi, imefungwa vizuri kwenye karatasi ya nailoni. Nikakaa kitandani na mkoba magotini. Sijui nilikaa vipi, wala si la kueleza. Uso ulipolowa machozi nikayaonja, maana ulinifundisha kuonja kwanza. Yalikuwa na chumvi ya kutosha. Nikaufunga, nikautundika palepale. Mtoto wako hajui kwamba najua. Chumvi iko mkobani mwako mpaka leo, na wewe ndiwe unayeilinda.

Sasa nikupe habari ya bustani, na hapa utaruka!

Lile shamba lako dogo nyuma ya nyumba, nililokuwa nikikuambia kwamba linatuaibisha mjini, nilikuwa nimeshalihukumu. Kila mtu Umoja anaongeza chumba cha kupangisha, nami nikaona nisibaki nyuma. Nikaleta mawe, nikayamwaga juu ya matuta yako, fundi akapima kwa kamba. Mvua ikamchelewesha. Nilipotoka nyuma wiki iliyofuata, mboga zako za kienyeji zilikuwa zimechomoza katikati ya mawe: saga, managu, na mrenda ukitambaa kama mwenye nyumba. Mbegu zako, ulizokuwa ukiacha zidondoke zenyewe. Nikamwambia fundi asubiri. Mpaka sasa anasubiri, naye akipita hunisalimia kwa mkato. Mawe nimeyapanga pembeni, yamekuwa ukingo. Chumba hakipo. Mboga ipo.

Na kuipika naipika mwenyewe! Mara ya kwanza nilitoa kitu ambacho hata kuku wa Mama Wanjiru walikitafakari. Lakini nimekumbuka ulivyokuwa ukifanya: chemsha, mwaga maji ya uchungu, tia maziwa, acha ilale, pasha kesho. Ulikuwa ukisema, "Mboga chungu ikilala na maziwa huamka na adabu." Kweli inaamka na adabu, na chumvi huikumbuki. Unga nao nabeba mahindi yangu mpaka posho mill ya Kariobangi, nasagiwa pamoja na maganda yake. Ndiyo, ule ule niliokuwa nikiuita ugali wa jela. Nimejifunga mwenyewe, na kifungo kinanipendeza.

Mama Wanjiru, ambaye maisha yake yote aliita mrenda wetu gundi, alisimama ukutani juzi akinitazama nikichuma. "Baba Nekesa," akasema, "hiyo gundi yenu hupikwaje?" Nikamwuliza anataka kubandika nini. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema naye ameambiwa ana presha. "Ya juu na ya chini," akasema, "lakini nadhani zinatoshana." Mama Nekesa! Nilimpeleka kwa nesi siku hiyohiyo. Njiani nikamweleza habari ya bawaba kana kwamba niliibuni mimi.

Na kazini naenda kwa miguu. Kutoka hapa hadi kiwandani kule Baba Dogo, kandokando ya barabara ya Outer Ring, na Kariuki ananisubiri njiani kwa sababu anasema umbea hunoga watu wakitembea. Mwanzoni nilikuwa napumua kama mvukuto, yeye anaongea peke yake. Sasa tunabishana mwendo mzima. Yeye anasema githeri, mahindi na maharagwe, ndiyo iliyojenga nchi, mimi nasema ugali. Mtu akitusikia atafikiri tumejenga sisi. Lile shati la msiba linafungika. Sijalivaa, nimelijaribu tu. Kariuki ameona nilivyopungua, akanizunguka tena kwa jicho la mnunuzi, akasema, "Sasa huuziki." Hiyo ndiyo sifa niliyopata, na nimeipokea.

Kwa hiyo leo, chombo kilipoacha kupumua na yule binti akaniambia, "Ya juu imeshuka, na ya chini imeshuka," nilisimama ghafla nikamwamkia, "Shikamoo!" Mimi, mzee mzima! Akacheka, kisha akakaza uso: "Hujapona, mzee. Mmekubaliana tu, wewe na presha. Ukivunja makubaliano, naye anavunja." Nimemwambia mimi nimeoa, naelewa makubaliano.

Ningependa ungekuwepo unione. Hilo tu ndilo linalonikata furaha katikati, kisha inaunga tena. Nimekuwa mtu uliyetaka niwe, na umechelewa kidogo kuniona. Au mimi ndiye niliyechelewa.

Ndiyo, ni mimi. Miaka yote ulinilaumu kwa jambo moja, kuchelewa. Kanisani tunaingia wakati wa sadaka. Kwa mama yako tunafika watu wanaosha vyombo. Jioni nabaki mahali nikipiga gumzo, wewe umenifunikia chakula kwa sahani juu ya jiko, unakaa kwenye kiti chako unasinzia, unashtuka, unauliza, "Umefika?"

Basi ahadi yangu ni hii, na safari hii siitikii kama mtu wa dukani. Nitachelewa. Nitachelewa kuliko nilivyowahi kuchelewa popote. Nitapitia harusi ya Nekesa, nitapitia wajukuu, nitasimama njiani kubishana na Kariuki mpaka tupoteze meno. Usinifunikie chakula, Mama Nekesa. Usikae kitini. Lala.

Nasikia geti. Ni Nekesa. Ngoja nikamwambie.

Wako wa kuchelewa,
Baba Nekesa