Kutu Chini ya Rangi Mpya

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Sisi tumeenda kupanda basi. Safari yetu kwa gari la kulalia imekufa, na aliyeiua ni wewe.

Asubuhi nilikuwa nafuta maungio ya bati juu ya mlango wa gari. Rangi yako mpya ilikuwa imevimba kama lengelenge. Nikaigusa kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani ni puti tupu uliyozibia mashimo, na kutu ikamwagika kama majani ya chai. Na wewe, badala ya kuona haya, ukaniambia, "Gari la baba yako lilikuwa bovu tangu zamani," ukarudi kulala. Marehemu alilitunza miaka ishirini. Wewe, masika mawili tu limekuozea mkononi.

Leo kwangua mpaka bati ling'ae. Paka dawa ya kutu, iache ikauke, kisha rangi ya msingi, ndipo uzibe maungio kwa gundi isiyopitisha maji. Msasa uko chini ya sinki.

~~Nimewaambia watoto kuwa una kazi nyingi.~~ Nimewaambia ukweli. Mdogo akauliza kama yule jirani yetu fundi magari anaweza kuwa baba yao badala yako.

Sikumkanya.

Mama watoto