Konokono Thelathini Wenye Rangi ya Kucha

Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika kabla ya saa mbili. Ziwa limetulia, ila maji ya ukingoni bado yana tope.

Shajara yangu, leo nina jambo la kukiri. Lakini nitaanza na shaka, maana nimeishi nayo wiki tatu nzima na bila hiyo huwezi kunielewa.

Unakumbuka kazi niliyopewa na Madam Agnes, mwalimu wetu wa biolojia. Kitabu chetu, kikifika kwenye wanyama wasio na uti wa mgongo, kinasema habari za bahari tu: sponji, kiti cha pweza, kamba wakubwa. Mimi bahari sijawahi kuiona. Nilipomwambia hivyo Madam, yeye ambaye ni mgeni hapa Kigoma, alinijibu, "Zaituni, nyinyi mna ziwa. Chini yake kuna kazi inafanyika kila siku na hakuna anayeishukuru."

Tangu siku hiyo naliangalia ziwa kwa jicho jingine. Konokono wanakwangua utelezi wa kijani kwenye mawe. Kamba wadogo, wembamba kama uzi, wanakula mabaki. Kaa anakula wafu na wanyonge. Sponji wamejishikiza kwenye mawe wanachuja maji, kimya. Samaki wanawala hao wote, na sisi tunawala samaki. Hata konokono akifa, nyumba yake haibaki tupu: kuna visamaki vidogo vinavyohamia ndani ya gamba na kutaga mayai humo.

Kazi yangu ilikuwa kujua kama konokono wa ufukwe wetu wa mawe, hapa Bangwe, wanapungua. Nilikusanya thelathini, nikawapaka kila mmoja nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya dada Amina, nikawaacha wakauke kwenye sahani, kisha nikawarudisha majini. Dada alisimama mlangoni akanicheka. "Hao konokono wako wanakwenda harusini?"

Wiki ya kwanza niliwaona ishirini. Wiki ya pili, kumi na mmoja. Jumatatu hii, wanne.

Mtu alikuwa anawachukua. Na nilimjua.

Jirani yetu Mama Sabina huokota magamba yanayotupwa na mawimbi. Anayaanika, anayatwanga kwenye kinu, anawauzia wafuga kuku wa Buzebazeba ili mayai yao yawe na ganda gumu. Zamani alikuwa na gunia moja uani. Mwezi huu yalikuwa mawili. Nikajiuliza, la pili limetoka wapi? Nikaanza kumchunguza. Ninapotoka kwenda shule Gungu yeye ndiyo anashuka ziwani na beseni, na zaidi ya mara moja nilimwona amekunja kitenge, ameingia mpaka magotini. Anayeokota vilivyotupwa ufukweni anaingia majini kutafuta nini?

Kila kitu kikawa ushahidi. Akinisalimia kwa furaha, nilisema moyoni anajifanya. Aliponipa mayai mawili nipeleke nyumbani, nilisema ananinyamazisha. Niliyala, lakini nilisema.

Jumatatu niliandika kwenye ripoti yangu, kwa kalamu na kwa mwandiko mzuri: "Chanzo cha kupungua ni wachota magamba kuchukua konokono hai." Madam alifurahi. Akaniambia nitaisoma mwenyewe Ijumaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kamati ya ufukwe, na huenda wakapiga marufuku kuchota magamba upande huu. Kisha atakayesoma vizuri ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa. Nafasi hiyo nimeiombea tangu kidato cha kwanza.

Leo nilitaka kitu kimoja tu, ushahidi wa kushika mkononi. Baada ya shule nilipita uani kwa Mama Sabina nikidhani hayupo, nikaingiza mkono kwenye gunia la pili. Sikutafuta sana. Gamba la juu kabisa lilikuwa na nukta nyekundu.

Nakiri nilifurahi.

"Mwanasayansi, umekuja kukamata wezi?"

Alikuwa nyuma yangu, na mchi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, mwizi ni nani?"

Sikuwa na pa kujificha. Nilimwonyesha nukta, nikamwambia huyu alikuwa konokono wangu, nilimwacha hai. Nilitegemea atababaika. Alilichukua gamba, akaligeuza, akakishika kidole changu akakipitisha kwenye mdomo wa gamba. Ulikuwa umevunjwa vipande vipande kuzunguka, kama ukingo wa chapati iliyong'atwa na mtoto.

"Mimi nina meno hayo? Hiyo ni kazi ya magando ya kaa. Na ningechukua wazima, wakafia ndani ya gunia, nyinyi hapo kwenu mngelala kwa harufu?"

"Sasa mbona unaingia majini?"

"Naosha magamba yatoke mchanga! Wateja wanasema nawauzia mchanga. Na mawimbi ya mvua hizi yametupa magamba mengi, ndiyo gunia la pili." Akanitazama kidogo. "Wewe ulipowarudisha, uliwaweka wapi?"

Nilimwambia ukweli. Niliwaweka wote pamoja, kwenye mchanga kando ya lile jiwe kubwa bapa, ili nisihangaike kuwatafuta.

Alicheka mpaka akashika kinu. "Yemwe, jamani! Pale ni mlangoni kwa kaa. Umempelekea ubwabwa mpaka kitandani!"

Akaniingiza ndani, akanipa yai la kuchemsha.

Sikumwamini. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Nilikula yai lake, nikaaga, nikashuka moja kwa moja ziwani nikitarajia kumkuta ni mwongo. Tope lilikuwa limeanza kutulia. Niliinama nikapapasa chini ya jiwe bapa, na kwenye uwazi wake nikatoa mkono umejaa vipande vya magamba. Vingi vilikuwa vya kawaida. Saba vilikuwa na rangi nyekundu. Kaa mwenyewe alikuwa ndani kabisa, ameinua gando moja.

Yeye hana kosa. Kula konokono ndiyo kazi yake kule chini. Aliyewatoa konokono chini ya mawe walikojificha, akawapanga mchana kweupe mbele ya mlango wake, ni mimi.

Kwa hiyo sijui kama konokono wa Bangwe wanapungua. Wiki tatu, na sijui.

Sasa lile la kukiri. Nilipokuwa nimesimama majini na vile vipande mkononi, niliwaza kuvirudisha. Mawimbi yangevibeba na hakuna ambaye angejua. Ripoti iko kwa Madam, imeandikwa vizuri, Ijumaa iko karibu. Na Mama Sabina hajui kama kuna ripoti. Nilisimama hapo muda ambao sitaki kuutaja.

Nilikuwa mwepesi sana kumshuku mtu kwa sababu ana magunia mawili. Mbona sikushuku sahani yangu, niliyowamwagia wote mahali pamoja?

Vipande vyote saba viko ndani ya kiberiti, juu ya daftari hili. Kesho, kabla ya mstari wa asubuhi, nitakiweka mezani kwa Madam na kuomba ripoti yangu. Nitaandika nyingine inayosema nilivyokosea, na kwamba naomba kuanza upya, safari hii kila konokono arudishwe chini ya jiwe lake. Labda Ijumaa atasoma mwingine. Labda Madam ataniacha nisome hiyo hiyo ya makosa. Bado natumaini, siwezi kujizuia.

Nikitoka shule nitapita kwa Mama Sabina kumwambia nilichokuwa nimeandika juu yake. Hilo naliogopa kuliko Ijumaa.

Atanipa yai tena?