Mfupa Ulioitwa Mguu

Alhamisi, Stockholm. Theluji imegeuka tope tangu asubuhi. Nimechoka, lakini ni uchovu mwepesi.

Mama ametoka salama kwenye upasuaji.

Baridi ilipoanza aliteleza kwenye barafu karibu na kwetu Märsta, nje kidogo ya Stockholm, akavunjika mkono karibu na kiganja. Mfupa ukagoma kuunga. Wiki iliyopita alikwenda kwa daktari peke yake, bila mkalimani. Anafanya usafi uwanja wa ndege, na Kiswidi cha kazini humtosha. Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa kitandani, bado na koti.

"Wanataka kunikata mguu," alisema. "Kuanzia nyongani."

"Mama, si umevunjika mkono?"

"Ndiyo nashangaa! Nimewaambia sitaki. Afadhali nirudi kwetu Arua, Uganda, na mkono wangu mbovu."

Nilimwomba arudie maneno ya daktari. Aliyakumbuka vizuri: wangechukua ben kidogo kutoka nyongani.

"Ben si mguu?" aliniuliza.

Kwa Kiswidi ni mguu. Ni mfupa pia.

Nilianza kucheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Nikampigia simu muuguzi. Akaeleza kwamba wangetoa kipande kidogo cha mfupa wa nyonga, wakipandikize mkononi. Mama alinitaka nitafsiri mara mbili, ndipo akavua koti.

Leo, nikisubiri hospitalini, nilisoma habari za neno hilo. Zamani lilikuwa mfupa tu. Kwa Waingereza likawa bone, na maana ikabaki ileile. Wajerumani walilihamishia mguuni, Bein, ingawa pembe ya ndovu bado wanaiita Elfenbein, na humo mfupa wa kale umesalia. Waholanzi na Waswidi wameweka maana zote mbili, msikilizaji achague mwenyewe.

Nilitaka kuwalaumu. Halafu nikafikiria mguu wetu, unaoanzia nyongani hadi kwenye vidole. Mswidi, ambaye kwake unyayo una neno lake na si ben, akisikia mtu wetu ameumia mguu, lazima aulize: unyayo au paja?

Mama alipozinduka alipapasa blanketi, kwanza upande mmoja, kisha wa pili.

"Yote ipo," nilimwambia.

"Najua," alijibu. "Nahakikisha tu."

Miadi ijayo nitaomba ruhusa kazini, niende naye. Kwa wiki nzima nimekuwa nikifikiria jioni ile, yeye peke yake kwenye treni ya kurudi nyumbani, akiamini wanataka kumkata mguu. Kwa miaka yote hii, ni maneno mangapi mengine amerudi nayo nyumbani hivyo, asiniambie?