Wimbo Usiorukika

Villa Retama, Jumanne, 21 Julai 1998

Kaka yangu Fabricio,

Sasa hivi tu Ludmila ameivuta ile kaseti ya majaribio ya nyimbo zenu mpya uliyotuachia. Ameutoa utepe wote, akauburuta kutoka jikoni mpaka kwa mbwa, na mbwa naye akajizungusha nao miguuni. Nilipomdaka akanicheka kwa meno yake yote sita. Basi nimekaa hapa nimeurudisha kwa penseli, polepole, huku namwomba Mungu usikatike.

Haukukatika. Lakini wimbo wa tatu, gitaa likishanyamaza, kuna kitu kinalia kama chuma kinasagwa. Nikamwambia Rubén mtoto ameshaharibu. Rubén akasikiliza, akakuna kidevu, akasema, “Mke wangu, mimi naona wamefanya makusudi.” Tumebishana mpaka chai ya yerba imepoa. Hebu niambie wewe mwenyewe: kile kilio ni cha bendi au ni cha mtoto?

Nimetanguliza kaseti, adabu nikaisahau. Hujambo, Kaka? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unaishi kwa mkate na sigara? Sisi ni wazima. Mtoto alikuwa na mafua, yamekwisha. Shemeji yako bado anaendesha basi lile lile, na mama mkwe bado anamwambia aendeshe polepole. Watu wote hapa wanauliza bendi yenu, Los Durmientes, itakuja lini. Wamezoea kila baridi ikiingia mje mpige, wao waruke mpaka sakafu ya klabu ilie. Niwajibu nini?

Dada yako,
Griselda

*

Córdoba, 30 Julai 1998

Mdogo wangu, Mama Ludmila,

Pokea salamu, umfikishie na shemeji, na mama mkwe wako pia hata kama hanipendi. Kifua kimepona ila baridi ya huku inakata masikio. Mbusu mwenye meno sita, mwambie mjomba hajakasirika.

Kile kilio ni chetu. Ni chenu pia. Siku karakana ya reli ilipofungwa nilikwenda kumchukua Baba langoni, na mfukoni nilikuwa na kinasa sauti kidogo. Nikakiacha kinazunguka. Unachosikia ni breki za kichwa cha treni cha mwisho kuingia mle ndani. Miaka yote mitano tangu siku ile nimekuwa na ule utepe, na tangu Baba afariki sikuthubutu kuusikiliza. Mwaka huu nikathubutu. Nikahesabu magurudumu yanavyogonga, yakanipa saba, kisha saba tena. Ndiyo maana wimbo unakwenda kwa mapigo saba, hauendi kwa manne kama zile zetu za zamani. Maneno nilijaribu kuyaandika, kila nililoandika likawa dogo, nikayaacha.

Sasa nikupe na la uchungu. Huku ziarani wanatuzomea. Juzi tulipofika kwenye breki mtu mmoja akapaza sauti, “Jamani, fundi bomba amemaliza? Leteni bendi!” Ukumbi mzima ukacheka. Tano, mwimbaji wetu, aliacha gitaa akacheka nao, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tano anasema miaka tisa tumekuwa bendi ya kurusha watu, turudi huko huko. Néstor wa ngoma yuko upande wake. Mimi na Paloma wa kinanda tunataka kuendelea. Jumatatu tarehe 24 Agosti tutanyoosha mikono. Tuko wanne, wawili kwa wawili, kwa hiyo mkono wangu ukihama tu, nyimbo hizi zinafungiwa sandukuni na albamu haitoki.

Jumapili ya tarehe 16 tunapiga kwenu klabuni, saa kumi jioni. Nimejiwekea ahadi, Grise. Retama ikizikataa, nitanyoosha mkono pamoja na Tano. Watu wa mtaa wa Baba wasipozitaka, basi sijui ninampigia nani.

Kaka yako,
Fabricio

*

Villa Retama, 6 Agosti 1998

Kaka yangu mpenzi,

Barua yako imefika, asante. Huku hatujambo. Ludmila anasimama kwa kushika kiti, akikiachia anakaa chini kwa kishindo na kujishangilia. Wewe je, unalala vizuri? Usinidanganye.

Siwezi kukuficha mambo ya hapa. Kaseti imezunguka mtaa wote, na wengi hawajaielewa. Gordo Basualdo, yule wa ngoma kubwa ya mashabiki wa klabu yetu ya mpira, aliisikiliza mlangoni kwangu mikono kiunoni. “Mama Ludmila,” akaniambia, “kaka yako namheshimu, lakini hili ni jokofu bovu. Sasa mimi ngoma nipige wapi hapa? Watu waruke wapi?” Nikamwambia, “Kwani lazima uruke, Gordo? Na uzito huo, sakafu ikushukuru.” Akacheka, lakini alikwenda zake ameinamisha kichwa. Unawajua wenyewe. Kwao bendi inayorusha watu ndiyo iliyo hai, na isiyorusha imeshazikwa.

Basi nisikie na mimi. Muziki sikusomea, hata shule niliishia darasa la saba, lakini masikio ninayo. Nyimbo zenu za zamani zilikuwa zinanishika mkono na kunivuta kwenda kucheza, nami nilikwenda, nilizipenda, na nitazipenda. Huu mpya hauvuti mtu. Unakuja unakaa karibu nawe, unangoja. Mara ya kwanza uliniudhi. Mara ya pili nilikuwa na kazi nyingi. Mara ya tatu naanika nepi, dirisha liko wazi, zile breki zikaisha na gitaa lako la besi likaingia kule chini peke yake. Kaka, nilisimama na nepi mbichi mkononi mpaka kiatu kikajaa maji. Nilimwona Baba anashuka Mtaa wa Tatu na kikapu chake cha chakula. Kwa miaka miwili tangu afariki nilikuwa nikitaka kumkumbuka akitembea, naishia kumkumbuka kitandani tu.

Wewe ndiye umefanya hivyo, na hukutumia hata neno moja. Ni watu wangapi wanaoweza?

Mama mkwe alikuwa anapiga pasi. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akasema, “Huyu kaka yako hatimaye ameacha kupiga makelele. Mwambie sasa anaweza kuja kula.” Hiyo ni zawadi, usiidharau.

Njoo tarehe 16, na uzipige zote. Usiogope watu wako.

Dada yako akupendaye,
Griselda

*

Buenos Aires, Jumanne, 18 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Natumaini mmeamka salama. Nisamehe kwa kuondoka bila kumbeba mtoto wala kumsalimia mama mkwe wako, ambaye najua alikuwa amepika. Nilitokea mlango wa nyuma nikapanda treni ya kurudi mjini peke yangu.

Uliona mwenyewe. Nyimbo sita, watu mia nne, na hakuna aliyenyanyua mguu. Ninawajua tangu utotoni, na sijawahi kuwaona wamesimama vile isipokuwa msibani. Ngoma ya Gordo haikulia hata mara moja. Afadhali wangezomea. Wimbo wa breki, tulioupiga mwisho, ulipokwisha hakuna aliyepiga kofi, nami sikuweza kungoja kuona nyuso zao.

Nimekwishaamua. Jumatatu nitanyoosha mkono na Tano. Paloma alinipigia simu analia; sikumwacha amalize, nikamwambia ahadi ni ahadi. Wewe usihuzunike, ulinitia moyo kadiri ulivyoweza.

Kaka yako,
Fabricio

*

Villa Retama, Jumamosi, 22 Agosti 1998

Kaka Fabricio,

Leo salamu utazipata kwa ufupi: sisi wazima, mtoto mzima, nawe najua si mzima. Barua hii Rubén atakukabidhi mkononi kesho, maana zamu yake inafika huko mjini, na posta siiamini kwa jambo hili. Isome kabla ya Jumatatu. Isome hata kama umekasirika.

Ninyi mlikuwa na taa usoni. Mimi nilikuwa chini na mtoto kiunoni, nikaona yote. Sasa nakusimulia, maana ulichokiona wewe sicho kilichotokea.

Gordo alikuwa mbele yangu na ngoma yake. Ulipoanza wimbo wa kwanza alinyanyua kirungu. Akahesabu kwa midomo, akapotea, akakishusha. Akanyanyua tena. Nilimsikia anajisemea, “Ngoja, ngoja, usije ukawaharibia.” Gordo huyo, Kaka! Miaka yote hii hajawahi kuogopa kumharibia mtu kitu.

Mzee Evaristo, aliyekuwa fundi karakana pamoja na Baba, alikuja kumleta mjukuu wake, na masikioni alikuwa amejaza pamba. Breki zilipolia akazitoa. Akanikamata bega kwa vidole vyake vile vya chuma, akasema, “Binti, hiyo ni treni namba arobaini na mbili. Breki ya kushoto. Tuliipaka mafuta miaka kumi na mmoja, ikakataa kunyamaza.” Nyuma yake mtu akaitikia, “Ndiyo yenyewe.” Kisha likapita kwa kunong’ona mstari kwa mstari mpaka mlangoni: arobaini na mbili, arobaini na mbili. Wazee wakavua kofia. Vijana hawakujua ni nini, lakini waliwaona baba zao, wakatulia.

Sasa nikuulize, nani anaruka akisikia kazi yake aliyonyang’anywa? Walisimama kwa sababu walikuwa wanasikiliza. Watu wa Retama sijawahi kuwaona wakisikiliza kitu, hata padri anajua. Kwa hiyo na wewe hukuweza kuutambua usikivu wao, kwani ulikuwa hujawahi kuuona.

Na makofi yalikuja! Yalichelewa tu, maana watu walikuwa hawajarudi kutoka kule ulikowapeleka. Yalipokuja hayakuisha. Paloma na Tano walirudi jukwaani, Tano amesimama anakuna kichwa. Gordo akapiga kelele, “Na yule wa besi yuko wapi? Kaondoka? Kaondokaje na mimi sijajua pa kupiga!” Rubén alikukimbilia mpaka stesheni, treni ikawa imeshaondoka. Na mama mkwe ndiye aliyekasirika zaidi. Nyama ya kuoka ameila shemeji yako siku tatu mfululizo, na kila kipande anaambiwa, “Hiki kilikuwa cha Fabricio.”

Najua utasema, dada yangu ananipenda ndiyo maana anapamba. Basi nikupe ya wiki hii.

Jumatatu asubuhi Gordo alibisha hodi. Anataka kuazima kaseti. “Ni kwa ajili ya mke wangu,” akasema huku anaangalia viatu. Mkewe, Chola, yuko nyuma yake na kapu la mboga: “Mwongo mkubwa! Mimi nataka unyamaze tu. Tangu jana anagonga meza, anagonga mlango, amegonga mpaka sufuria ya maziwa imemwagika!” Nikampa. Toka siku ile kila jioni wako pale kona ya duka la mikate, yeye na wenzake kumi hivi, wanapiga. Wakifika pigo la sita wanaharibu. Wanatukanana, wanaanza upya. Mzee Evaristo ameleta kiti chake, anawasahihisha kwa fimbo. “Nne mnaijua toka tumboni, wavivu nyie,” anawaambia. “Saba inataka mtu akae macho.”

Leo asubuhi nilimuuliza Gordo wanataka nini hasa. Akasema, “Mama Ludmila, usinitie aibu. Leo tunacheza na wale wa ng’ambo ya mto, na tukifungwa tunashuka daraja. Siwezi kwenda na nyimbo zile zile ambazo kila klabu inazo.” Wimbo wako hauna maneno, basi wao wameweka yao, maneno mawili tu: *Retama, nitakuja*. Nimehesabu silabi kwa vidole. Ni saba.

Kaka, wewe unajua hapa kwetu maana yake nini wimbo wa mtu kuchukuliwa na mashabiki uwanjani: hautoki tena midomoni mwa watu. Zile zenu za kuruka walizipenda miaka tisa, hata moja hawakuipeleka huko. Huu uliodhani wameuzika ndio...

Ngoja. Nasikia ngoma.

Wanashuka Mtaa wa Tatu wote, na jua limewawakia, wanakwenda uwanjani. Wako wengi kuliko wale wa ukumbini. Kuna akina mama na watoto, kuna bendera, na Mzee Evaristo yuko kati na kofia mkononi. Saba, Kaka. Hawajakosea tangu kwenye duka la mikate. Na wanaruka! Sikuamini kwamba inawezekana, lakini wanaruka, wamepata pa kuruka, ni kwenye ile ya saba, mtaa mzima unaondoka ardhini kwa mara moja na madirisha yangu yanatetemeka. Mama mkwe yuko langoni na aproni yake, ananiita, “Griselda! Acha hiyo kalamu, mlete mtoto aone wimbo wa mjomba wake!” Nakuja, Mama, nakuja! Kaka, Jumatatu kabla hujanyoosha huo mkono wako nataka ujue kwamba...