Jina Lako la Jumanne

Nyuma ya soko la samaki,
Moree.
9 Machi 2019

Mpendwa mwanangu Kobina,

Hujambo baba? Goti linaendeleaje? Baridi ya Ubelgiji imepungua? Unakula? Sisi huku wazima, ila presha yangu imepanda tena na usingizi umenikimbia. Nimempa Araba wa jirani chupa mbili za shito, ile pilipili yetu ya samaki, na barua hii akuletee mkononi. Kwa simu naogopa, sijui nani anasikiliza.

Mwanangu, nimekosea.

Wiki iliyopita alikuja mgeni, kijana msafi, anaongea Kifante chetu vizuri. Akasema anaandika habari za utoto wa wachezaji wetu wa mpira walioko Ulaya. Nikafurahi kama mjinga, nikamkaangia samaki. Akauliza kwa upole, "Mama, kwa nini mlimwita Kobina?"

Shangazi yako Efua, unaujua mdomo wake, akamcheka. "Wewe Mfante kweli? Mtoto wa Jumanne aitwe nani, Kwesi kama wa Jumapili? Baba yake siku hiyo alikuwa hapo mlangoni anashona nyavu. Jumanne ni mwiko, nani anaingia baharini?"

Nami nikazidisha. Nikampeleka ufukweni kumwonyesha ule mtumbwi wa marehemu baba yako, ulioingia majini wiki ile ile uliyozaliwa, na mwaka umechorwa ubavuni. Akaupiga picha. Akatazama simu yake, akaniambia taratibu, "Mama, tarehe iliyo kwenye pasipoti yake ilikuwa Jumapili. Na mwaka huu wa mtumbwini unamzidishia miaka minne." Tuliporudi nyumbani, samaki aliyebaki kwenye sahani hakumgusa tena.

Hapo ndipo nikakumbuka karatasi za Kocha Ansa wa timu yako ya utotoni. Si alisema ukipunguzwa miaka minne Wazungu watakuchukua upesi? Nami nikatia sahihi bila kusoma. Juzi nimekwenda kwake. Geti lina kufuli, kibao cha timu kimeng'olewa. Hata mbuzi wake hawapo.

Sokoni nilizoea kuitwa Mama Ubelgiji, wananitania niwaletee theluji. Siku hizi nikipita wanainamia samaki wao.

Jana yule mgeni amerudi na mwanamke kutoka klabu yako. Hata kukaa hawakutaka. Wameniachia barua: Jumanne tarehe 26 niende Cape Coast nikaape mbele ya wakili, niseme ulizaliwa lini. Nikamuuliza yule kijana, "Baba, na nisipokuja?" Akanijibu, "Usipokuja wewe, mama, mtumbwi utasema."

Kobina, kuapa uongo siwezi. Nimekuita jina hilo tangu siku ya nane ulipotolewa nje kupewa jina, mji mzima unasikia. Nakuomba uende wewe kwanza kwa wakubwa wako, kabla ya tarehe hiyo, uwaambie kwa kinywa chako. Waambie na sahihi ni ya mama. Wasije wakakuita wao, mwanangu. Wakikuita wao watakuwa wameshaamua.

Chumba chako nimekifagia.

Efua anakusalimu, tangu jana analia na chakula hali. Dada yako Esi na mjomba Ekow nao wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kwenye mlango huo utakaobisha, na akulindie goti.

Anayekupenda tangu Jumanne ile,
Mama yako,
Aba Esiwa