Jibu la Nywele Zetu

Kerende, 6 Februari 2011

Mwanangu Waisiko,

Marahaba, maana najua umeniamkia. Sisi hatujambo, ila mahindi yamekauka na vidole vyangu bado vinatetemeka. Huko Dar unapata ugali, au unakula wali kila siku kama mgonjwa?

Nakuandikia kwa kuwa simu ni ya kaka yako Nyamhanga, na haya hataki kuyasikia. Unawakumbuka wale watafiti waliotukata nywele wakapime zebaki? Mwaka wa tatu huu, hawajarudi. Lilian, mke wa Nyamhanga, ana mimba ya miezi mitatu, na kila siku anachoma dhahabu jikoni na kuvuta ule moshi wa zebaki. Nilimwambia aache. Nyamhanga akasema mimi si daktari. Tafuta walichokiona, mwanangu. Neno lako wewe atalisikia.

Mama yako, Boke

Dar es Salaam, 20 Machi 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, macho tu yanauma. Poleni na ukame.

Swali lako ndilo utafiti wangu: kukusanya yote yaliyoandikwa juu ya zebaki na wachimbaji, kisha kupima yanasema nini. Kompyuta imenimwagia makala 2,316. Mimi na mwenzangu Nikolaus tunasoma vichwa vyake kimoja kimoja, kila mtu peke yake. Tukitofautiana, mwalimu anaamua. Ya nywele zenu nimeiona! Lakini naona kichwa tu. Iliyobaki imefungwa, inauzwa kwa dola, na chuo hakijalipia. Nimemwandikia mwandishi wake anitumie. Nisubirini, mama. Mtafiti hasemi kabla ya ushahidi.

Mwanao, Waisiko

Kerende, 2 Mei 2011

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo, tunasubiri. Nyamhanga anasema, "Waisiko angekuwa na la kusema, angeshasema." Lilian amevimba miguu na bado anachoma. Leta hata neno moja.

Mama yako

Dar es Salaam, 15 Agosti 2011

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza, naona aibu. Mwandishi hakujibu, na kanuni yetu ni kusubiri siku sitini. Makala isiyopatikana nzima inaondolewa kwenye utafiti. Niliiondoa mimi mwenyewe, nikaandika sababu, nikaendelea na nyingine.

Jana mwandishi aliituma. Mama, zebaki ilizidi kiwango kwenye nywele za karibu wanawake wote mliopimwa. Wameandika mjamzito asiukaribie moshi ule kabisa. Lilian aache leo. Msomee Nyamhanga barua hii.

Mwanao, Waisiko

Kerende, 24 Agosti 2011

Waisiko,

Barua imefika. Nilimsomea Nyamhanga. Alichukua sufuria ya kuchomea akaenda kuitupa chooni.

Lilian alijifungua tarehe tisa mwezi huu. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Tumemzika hapa nyumbani. Sijui kama ni ule moshi, na wewe usiniandikie kwamba hujui. Nimekukasirikia, mwanangu, na ninakupenda. Hapa hakuna aliyedai ushahidi. Tulikuomba useme "acha" kama mtoto wa nyumba hii.

Ungesema mwezi wa tatu, angeacha.

Mama yako, Boke